HAKI YA NJIA: SISI PIA TUMEFUNGA BARABARA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetutandikia ardhi na akatufungulia ndani yake njia ili tufike tunakokusudia. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao mpaka Siku ya Malipo.

Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, wababa na wamama, vijana na watoto wa madrasa, ninaiusia nafsi yangu kwanza, kisha ninawausia ninyi, tumche Mwenyezi Mungu mahali popote tulipo. Mara nyingi tunasikia usia huu tukidhani unahusu msikitini tu. Leo tutazungumza juu ya taqwa ya barabarani.

Ewe msomaji, wewe unayeishi hapa Walungu, au unayeshuka Bukavu kila juma kutafuta maisha, huhitaji kuelezwa taabu ya njia. Barabara yetu ni ile inayoitwa ya taifa namba 2. Inatoka Beni, inapita Goma na Bukavu, inapita kwetu Walungu, inakwenda Burhale, Mwenga, Kamituga, inaingia Maniema mpaka Kasongo, na mwisho wake ni Mbuji-Mayi. Kwenye ramani ni mstari mzuri mwekundu. Kwenye miguu ya mama aliyebeba gunia la makaa mgongoni, kamba ikiwa kwenye paji la uso, ni jambo lingine. Wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa tisa mpaka wa tano, ni potopoto. Wakati wa jua ni vumbi linaloingia mpaka ndani ya sufuria.

Na ukifika Bukavu, taabu inabadilika jina tu. Mji ule Wabelgiji waliuita Costermansville, wakaupanga juu ya vilima vya ziwa kwa ajili ya watu wachache. Leo umebeba watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wakiwa wamekimbia vita vijijini tangu mwaka 1996. Watu wameongezeka, nyumba zimeongezeka, magari na pikipiki zimeongezeka, na barabara ni zile zile. Mwenye kuingia kutoka huku kwetu anapita Panzi na Essence, na pale Essence kila mtu anajua: lori, taksi, wamotari, mama wa ndizi, mwanafunzi na askari, wote katika upenyo mmoja, na kila mmoja anataka awe wa kwanza.

Kisha kazi za barabara zinakuja. Watu wanafurahi, wanasema sasa tumekumbukwa. Barabara inachimbwa, udongo na mawe vinarundikwa upande mmoja, njia inabaki nusu. Baada ya muda mashine zinaondoka na rundo linabaki. Mvua inakuja, rundo linakuwa mto wa matope. Hapo ndipo tunaposikia maneno barabarani, ndani ya gari na hata kwenye kizingiti cha msikiti: matusi, laana, na kila mtu anamtaja mkubwa fulani aliyekula makuta.

Ndugu zangu, sikuja leo kuwaambia kwamba hasira hiyo haina msingi. Ina msingi. Lakini nimekuja na habari nyingine, na habari hiyo inanihusu mimi mwenyewe.

HABARI YA IJUMAA ILE

Mnajua msikiti wetu uko kando ya barabara. Mnajua pia kwamba mbele yake kuna rundo la mawe lililoachwa na waliokuwa wakitengeneza, limekaa nusu ya njia. Nusu iliyobaki ndiyo inayopitisha gari. Siku ya Ijumaa nusu hiyo tunaichukua sisi. Pikipiki zetu tunaziegesha pale. Ijumaa moja ndugu yetu mfanyabiashara alisimamisha pale Fuso yake, kwa sababu alikuwa amechelewa na hakutaka kukosa khutba. Nia yake ilikuwa njema.

Mimi nilikuwa juu ya mimbari. Siku hiyo nilikuwa ninazungumza juu ya subira. Tukasikia klaksoni. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena kwa muda mrefu. Nikakasirika. Nikasema kwenye kipaza sauti, na wengi mlinisikia, kwamba kuna watu wasioiheshimu siku ya Ijumaa, na kwamba mwenye haraka ya dunia angoje watu wa Mungu wamalize. Wengine mlitikisa vichwa kwa kukubali. Kisha nikaendelea, na khutba niliirefusha.

Klaksoni ile ilikuwa ya taksi. Ndani yake mlikuwa na mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu usiku. Kituo cha afya cha kijijini kilikuwa kimeshindwa, wakaandika karatasi ateremshwe Bukavu hospitalini.

Kijana mmoja wetu alikuwa amekaa karibu na mlango. Aliona. Alimjua hata yule mama. Baadaye alikuja kwangu akilia, akaniambia: "Mwalimu, ulitufundisha kwamba anayemwambia mwenzake nyamaza wakati wa khutba amefanya upuuzi. Nikaogopa kusimama, nikaogopa kusema." Hakukosea kijana yule. Aliyekosea ni mwalimu aliyemfundisha nusu ya elimu.

Watu wa nje, wasio Waislamu, walimtoa yule mama ndani ya taksi, wakatafuta tipoyi, wakambeba begani wakimpitisha katikati ya pikipiki zetu mpaka upande wa pili, wakapata gari jingine. Wakati wanampitisha, sisi tulikuwa katika rakaa ya pili.

Mama alipona, tunamshukuru Mwenyezi Mungu. Mtoto hakupona. Daktari hakusema kwamba ni kwa sababu ya dakika zile. Hakusema pia kwamba si kwa sababu yake.

Nilikwenda nyumbani kwao pamoja na wazee wawili wa jumuiya. Ni Wakristo, kama walivyo majirani zetu wengi katika Ngweshe. Mume alitupa viti, akatuletea maji. Nilianza kusema maneno ya pole, akaniacha nimalize. Kisha akasema: "Imamu, tulikusikia kwenye kipaza sauti, mimi na mke wangu. Ulikuwa unafundisha subira." Hakuongeza neno la ukali. Tulipokuwa tunaaga alisema jambo moja tu: "Ijumaa ijayo atapita mwingine."

Ndugu zangu, nimefundisha Kurani kwa miaka zaidi ya thelathini. Sijawahi kupewa somo kama lile.

NILICHOKIJUA NA SIKUKITENDA

Ninyi mnaosoma karatasi hii mna haki ya kuuliza: je, dini ilikuwa haina jibu? Ilikuwa nalo, na mimi nilikuwa ninalijua.

Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, kisha anasikia kilio cha mtoto mchanga, naye anaifupisha, kwa sababu anajua uchungu unaomshika mama yake. Yeye alisikia kilio akafupisha. Mimi nilisikia klaksoni nikarefusha.

Imepokewa pia kwamba alikuwa akihutubia, wajukuu zake Hasan na Husein wakaja wakijikwaa katika nguo zao, naye akateremka mimbarini akawabeba. Na mara nyingine alikuja mtu mgeni akiuliza juu ya dini yake, Mtume akaiacha khutba, akamwendea, akamfundisha, kisha akarudi kuimaliza. Ikiwa khutba ya Mtume wa Mungu ilikatizwa kwa ajili ya watoto wanaojikwaa, khutba yangu mimi ni kitu gani mpaka isikatizwe kwa ajili ya mama anayezaa?

Na wanachuoni wetu wamesema wazi: mtu akimwona mwenzake anaangamia, azame majini au aingie motoni, ataikata swala yake aende kumwokoa. Kuokoa roho kunatangulia. Na wamechukia pia mtu kuswali katikati ya njia inayopitwa, kwa sababu anawaudhi wapitao. Basi yule anayeswali ndani lakini pikipiki yake inaswali barabarani, tumweke wapi?

HAKI TANO ZA NJIA

Siku moja Mtume (s.a.w.) aliwaonya masahaba wasikae njiani. Wakasema kwamba hawana budi, hapo ndipo wanapokutana na kuzungumza. Akawaambia kwamba ikiwa hawawezi kuacha, basi waipe njia haki yake. Wakauliza haki yake ni ipi. Akawatajia: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitikia salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu.

Tazama, ewe msomaji. Hakuwaambia njia ni ya serikali. Hakuwaambia njia ni ya mwenye gari kubwa. Alisema njia ina haki. Kitu chenye haki kina mdai, na mdai wake siku ya Kiyama ni kila aliyepita akaudhika.

Na akatufundisha kwamba imani ina matawi sabini na zaidi. La juu kabisa ni kushuhudia kwamba hapana mungu ila Allah, na la chini kabisa ni kuondoa kinachoudhi njiani. Sisi tumeshika la juu kwa kipaza sauti, la chini tumeliacha. Lakini mti ni mmoja. Imepokewa pia habari ya mtu aliyekuta tawi la miiba njiani, akaliondoa, Mwenyezi Mungu akamshukuru na akamsamehe. Hatukuelezwa swala zake zilikuwa ngapi. Tumeelezwa juu ya tawi la miiba tu.

Sasa kila mmoja ajipime. Wewe mwenye duka uliyetoa meza yako mpaka kwenye lami. Wewe uliyejenga ukuta juu ya mtaro wa maji. Wewe dereva unayesimama katikati kupakia abiria, na nyuma yako magari ishirini. Wewe motari unayepita juu ya njia ya miguu ukiwatawanya wazee na watoto. Wewe unayepiga klaksoni bila haja yoyote, wakati Luqman alimwusia mwanawe awe na mwendo wa kati na ashushe sauti, akamkumbusha sauti ya punda. Na mimi niliyekuwa mimbarini. Kila mmoja amechukua kipande cha njia, halafu wote tunauliza njia imekwenda wapi.

WATU WA MADYAN

Watu wa Nabii Shuayb (a.s.) walikuwa wafanyabiashara, na Kurani inatusimulia maovu yao. Walipunja vipimo na mizani. Na walikaa katika kila njia wakiwatisha watu. Shuayb akawakataza yote. Hawakusikia, tetemeko likawakuta majumbani mwao.

Maovu hayo mawili tunayo mpaka leo, na yote mawili yanaua barabara.

Kupunja mizani ni pamoja na lori linalobeba mara mbili ya uwezo wake. Tajiri anafurahi kwamba ameokoa safari moja. Lakini uzito ule unaivunja barabara, na watakaolipa ni wote watakaopita baada yake. Ndiyo maana barabara zetu za udongo ziliwekewa bariere za mvua: mvua ikinyesha, magari mazito yangoje mpaka udongo ukauke. Wewe unayempa mlinzi wa bariere makuta kidogo ili akufungulie usiku, ujue kwamba umenunua shimo, na shimo hilo litamwangusha mtu usiyemjua.

Kukaa njiani kuwatisha watu hakuhitaji maelezo mengi katika Kivu. Watafiti waliohesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini walichapisha mwaka 2017 kwamba wamekuta vizuizi 798. Vingine ni vya dola, vingine vya watu wenye silaha, na mara nyingi mama wa mihogo haoni tofauti, kwa sababu mkono unaonyooshwa ni ule ule. Na tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa pili mwaka 2025, wengi wetu tumeijua barabara hii kama njia ya kukimbilia na magodoro kichwani. Mwenye silaha anayemzuia mkimbizi njiani ili ampokonye, asome habari ya Madyan.

Sisemi kwamba kila malipo ya barabara ni dhulma. Nchi yetu iliunda mwaka 2008 mfuko wa kutunza barabara, ambao unapata fedha kutoka katika mafuta ya magari na malipo ya njiani. Jambo hilo ni halali na lina akili: anayetumia njia asaidie kuitunza. Lakini fedha hiyo ni amana. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya zaka, aliporudi akasema hii ni yenu na hii nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asikae nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama ataletewa zawadi. Basi kila anayekusanya na kila anayepewa kazi ya kuchimba mtaro ajiulize swali hilo. Imepokewa juu ya Sayyidna Umar (r.a.) kwamba aliogopa hata mnyama akijikwaa katika nchi ya Iraki, naye yuko Madina, asije akaulizwa na Mola wake kwa nini hakumtengenezea njia. Sisi wanaojikwaa ni watu.

SANGE

Nataka tukumbuke jambo jingine. Tarehe 2 Julai 2010, siku ya Ijumaa, lori la mafuta lilipinduka pale Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya Bukavu na Uvira. Petroli ikamwagika. Watu wakaja na mabidoni kuchota. Moto ukawaka, ukawafikia waliochota na wasiochota, hata waliokuwa katika nyumba za karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Walikufa watu zaidi ya mia mbili na thelathini.

Siwalaumu marehemu. Umaskini ni mwalimu mkali, na wengi walikuwa watoto. Ninawakumbusha walio hai: gari la mtu likianguka, mali iliyomwagika ina mwenyewe, na mahali pale pana hatari. Haki ya njia siku hiyo ni kuwaondoa watu na kuwasaidia majeruhi. Wazazi wawafundishe watoto hilo kabla halijatokea tena.

BARABARA INAUAWA NA MAJI

Wazee waliofanya kazi ya barabara wanajua: barabara ya udongo inauawa na maji zaidi ya magurudumu. Ndiyo maana inatengenezwa ikiwa na mgongo katikati, ili maji yateremke pande mbili, yaingie mtaroni, na mtaro uyapeleke mpaka kwenye bomba za saruji zinazoyavusha chini. Mtaro ukizibwa, maji yanapanda juu ya njia, yanatafuta mahali pa kupita, na asubuhi kuna korongo.

Nani anaziba mtaro? Ni sisi. Ni chupa za plastiki, mifuko, maganda ya miwa na udongo wa kiwanja tunaoutupa usiku. Mtume (s.a.w.) alionya juu ya mambo mawili yanayoleta laana, na moja ni mtu kujisaidia katika njia ya watu. Uchafu wa njia ni laana tunayojitafutia wenyewe. Na maji yakikosa njia hayaangalii dini. Tumeona Uvira mwezi wa nne mwaka 2020, mto Mulongwe ulipofurika. Tumeona Bushushu na Nyamukubi katika Kalehe mwezi wa tano mwaka 2023, watu zaidi ya mia nne walipokufa kwa siku moja. Mvua ile ilikuwa kubwa kuliko mtaro wowote, na qadari ni ya Mwenyezi Mungu. Lakini mvua ndogo ya kila siku inayotuharibia njia, hiyo inazuilika kwa jembe.

DHULQARNAYN NA KAZI YA MIKONO

Katika Suratul Kahf tunasoma kwamba watu walimwendea Dhulqarnayn wakilalamika, wakataka kumlipa ili awajengee kizuizi. Akakataa malipo, akasema alichopewa na Mola wake ni bora, na akawaomba wamsaidie kwa nguvu zao. Wakaleta vipande vya chuma, wakavukuta moto, kazi ikaisha.

Tazama pande mbili. Mtawala hakula makuta ya watu. Na watu hawakukaa pembeni wakitazama. Sisi tunamtafuta Dhulqarnayn, ni sawa tumtafute. Lakini je, chuma tumekileta?

Najua baadhi yenu mkisikia kazi ya pamoja mnakumbuka salongo ya zamani za Mobutu, watu wakilazimishwa, na wazee wetu walikumbuka viboko vya Mbelgiji katika kazi za barabara. Kazi ya kulazimishwa haina baraka. Lakini kazi unayoifanya kwa hiari mbele ya mlango wako, kwa ajili ya Allah, hiyo ni sadaka. Nayo ni sadaka inayoendelea: kila atakayepita salama, hata baada ya wewe kufa, unaandikiwa.

SUBIRA NI NINI?

Ninarudi kwenye subira, kwa sababu ndiyo niliyoifundisha vibaya.

Subira si kumwambia anayeumia anyamaze. Subira si kukaa kimya mbele ya rundo la mawe kwa miezi. Anayeona dhulma aiondoe kwa mkono kama ana mamlaka, akishindwa aseme kwa ulimi, akishindwa achukie kwa moyo. Basi kuandika barua kwa wakubwa, kuuliza fedha ilikwenda wapi, kusimama na majirani Wakristo na wakubwa wa kijiji tukadai rundo liondolewe, hayo yote yamo ndani ya dini. Subira ni kuyafanya bila matusi, bila kuchoma matairi, bila kumpiga dereva ambaye naye amekwama kama wewe, na bila kuchoka.

Na msisahau: Uislamu ulifika katika nchi hii kwa njia ya miguu. Ule upande wa pili wa barabara yetu, kule Kasongo, ndiko misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliweka makazi katika karne ya 19, na dini ikaenea. Misafara ile ilileta mema na ilileta mabaya pia, hata utumwa, na watu wa nchi hawakusahau. Jirani hakumbuki vitabu vyetu. Anakumbuka tulivyopita njiani kwake. Tusimpe jambo jingine baya la kukumbuka.

KHUTBA YA PILI

Ndugu zangu, maneno bila kazi ni mzigo juu ya mwenye kuyasema. Kamati ya msikiti imekaa na imekubaliana haya, kuanzia Ijumaa ijayo:

Kwanza, hakuna pikipiki wala gari litakaloegeshwa barabarani mbele ya msikiti. Jirani yetu, ambaye si Mwislamu, ametupa kiwanja chake bila malipo kwa saa za swala. Mungu amlipe.

Pili, vijana wawili watasimama barabarani kila Ijumaa kwa zamu, kuongoza magari. Wakiona mgonjwa, waingie mpaka mbele na waniambie, hata nikiwa juu ya mimbari. Thawabu yao haipungui. Yule kijana wa mlangoni ameomba awe wa kwanza.

Tatu, khutba haitazidi robo saa. Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba kufupisha khutba ni alama ya mtu mwenye elimu.

Nne, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tutasafisha mtaro kutoka msikitini mpaka kwenye daraja dogo. Aje na jembe au pauro. Majirani wamealikwa, na wengine wamekubali.

Tano, wazee wa jumuiya pamoja na wazee wa makanisa wataandika barua moja, yenye sahihi zote, kuomba rundo la mawe liondolewe. Tutaandika kwa adabu, na tutaandika tena mpaka tujibiwe.

Kuhusu yule baba na yule mama, nimeomba msamaha wao kwa ulimi wangu nyumbani kwao, na ninauomba tena hapa mbele yenu. Haki ya mja haifutwi na istighfari peke yake mpaka mwenyewe asamehe. Yeye hajaniambia kwamba amesamehe, nami simharakishi.

Ee Mwenyezi Mungu, tusamehe tuliyoyafanya tukijua na tuliyoyafanya bila kujua. Mpe mama yule nguvu, na umrehemu mtoto aliyekujia kabla hajaiona dunia. Walinde walio njiani, wenye mizigo, wagonjwa, wakimbizi na madereva. Tupe viongozi wanaokuogopa na raia wanaosaidiana. Iletee Kivu amani, barabara zake ziwe za soko na shule, zisiwe za kukimbia. Na utuongoze katika njia iliyonyooka, sisi ambao tumeshindwa hata kuacha wazi njia iliyo mbele ya mlango wetu.

Amin. Inukeni kwenye swala. Na wewe uliyeegesha vibaya, toka kwanza ukaisogeze. Tutakungoja.

(Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu. Ukishaisoma mpe jirani yako, wala usiitupe njiani.)